Hakuna Juu, Hakuna Chini

"Dada, yule bwana ametuacha." Ndivyo Kapteni Wafula alivyonipa habari kwa simu, asubuhi nikiwa naanika nguo. Hakutaja jina, wala sikuuliza. Kati yangu na Wafula kuna "yule bwana" mmoja tu duniani, naye ni Kapteni Ndiritu wa Wamagana, mwalimu aliyenifundisha kurusha ndege. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, shati la mume wangu likinichuruzikia maji miguuni, nikalia. Halafu nikajikuta nacheka, maana nilikumbuka kwamba kuna mwaka ambao Wafula hakumwita Ndiritu kwa jina jingine lolote, na hakuwa akimheshimu. Ni mwaka huo ninaotaka kuusimulia. Ya kwetu Karatina, na jinsi msichana wa huko alivyofika kusomea urubani, nitayaruka; hiyo ni hadithi yenye wajomba wengi, na kila mmoja wao bado anataka atajwe kwanza.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha mbao Mweiga, nyuma ya duka la mbolea. Kuta zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia baridi ya Nyandarua, lakini baridi ile haikujua kusoma, ikapita. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili, na mchoro wa dashibodi ya ndege niliouchora mwenyewe kwenye katoni, ili nijizoeze kugusa swichi nikiwa nimefumba macho. Upande wa pili wa ubao aliishi polisi mmoja wa Kitui na mkewe, Mwende. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kuingia kila mfuko, na kila jioni nilimsikia Mwende akimsaka mumewe. "Uko wapi?" Kimya kidogo. "Karibu wapi? Hiyo karibu iko karibu na nani?" Baadaye mumewe angetokea na nyama kidogo imefungwa kwenye gazeti, vitunguu vingekaangwa, na harufu ingenifikia mimi niliyekuwa nikila ugali na sukuma peke yangu. Siku hizi, nikiwafundisha vijana, huwaambia kwamba urubani wote ni lile swali la Mwende: uko wapi? Mengine ni mapambo tu. Wananitazama kama mama aliyeanza kuzeeka vibaya, lakini wanaandika.

Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa nje ya mji, kwenye uwanda mkavu wa Kieni, kati ya milima miwili. Mashariki ulikuwa Mlima Kenya, ambao alfajiri hujitokeza wote na jua likipanda hujifunika kama bibi anayeogopa vumbi. Magharibi ilikuwa safu ya Nyandarua na msitu wake mweusi. Njia ya kurukia ilikuwa ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, mwisho mmoja ukielekea msituni na mwingine ukielekea mlimani, na ngiri walichimba mashimo kando yake kana kwamba wamepewa kandarasi. Ofisi ilikuwa kontena jeupe lenye ramani ukutani, na juu ya ramani doa la chai lililoufunika mji wa Nanyuki. Hapakuwa na mnara wa kuongoza ndege. Rubani yeyote aliyekaribia alisema kwenye redio yuko wapi na anaelekea wapi, wengine wakamsikia, wakatazama nje, wakajipanga wenyewe. Ilitosha, mradi wote waseme na wote wasikilize.

Kapteni Ndiritu alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likichoma. Asubuhi alinyunyizia dawa ngano za Timau; msimu wa ndege waharibifu ukifika, aliitwa Mwea kuwafukuza kwelea kwenye mpunga; na alasiri alitufundisha sisi, wanafunzi wachache, kwa ndege moja ndogo ambayo mabawa yake yalikaa juu ya vichwa vyetu kama paa la kibanda. Ukiwa ndani yake uliona ardhi vizuri kabisa, ila kilichokuwa juu yako ulimwachia Mungu. Somo lake la kwanza alilitoa kwa kijiti, akichora vumbini. "Ndege haitui kama kuku, mwari," aliniambia. Mwari kwa Kigikuyu ni binti, na hakuwahi kuniita vingine. "Inazunguka kiwanja kama mtu analima na ng'ombe. Unafika mwisho unageuka, unafika mwisho unageuka, halafu unanyoosha unashuka. Na ukishanyoosha, wewe sasa ni bibi harusi. Anayetua hupishwa. Lakini usikae ukiamini ati utapishwa. Angaria." Alisema "angaria", na mpaka leo nikiwa angani neno hilo hunijia kwa r yake.

Tatizo ni kwamba helikopta haijui mambo ya kulima na ng'ombe. Ndege ni lori: lina barabara yake, haliwezi kusimama ghafla, na likikosa kona linakwenda mbali ndipo ligeuke. Helikopta ni bodaboda. Hupenya popote, husimama popote, hata hurudi nyuma ikitaka, na dereva wake hushangaa kwa nini lori linapiga kelele. Zikiwa mbalimbali hazina ugomvi. Ziweke kwenye kiwanja kimoja kidogo kisicho na wa kuziongoza, na kila moja inadhani nyingine imerogwa. Mwaka ule ulikuwa wa kampeni, na wanasiasa walikuwa wamegundua kwamba mtu akishuka kutoka mawinguni watu huja kumwona hata kama hawatampa kura. Kiwanja chetu, ambacho awali kilipokea helikopta mara moja moja, kwa mgonjwa wa mlimani au tajiri wa maua, kikawa kama soko la Karatina siku ya gulio.

Kapteni Wafula alikuja na mojawapo ya hizo helikopta. Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kanisani, aliyeajiriwa kumbeba mheshimiwa mmoja kutoka mkutano hadi mkutano. Siku yake ya kwanza alitua karibu mno na ndege yetu iliyokuwa imeegeshwa. Upepo wa mapanga ya helikopta yake uliinyanyua bawa moja, ukakata kamba, ukaipindua ubavu, na bati la ukingoni likapinda. Ndiritu alitoka ndani ya kontena akiwa na kikombe mkononi, akaitazama ndege yake, akamtazama Wafula, akangoja pole. Huenda pole ingetosha. Lakini Wafula, ambaye mheshimiwa wake alikuwa akimpigia kelele kwamba wamechelewa, alisema, "Ungeifunga vizuri, mzee." Basi. Kutoka siku hiyo Ndiritu hakumsemesha tena, na Wafula, alipoona hasemeshwi, naye akafunga duka.

Pa kula palikuwa mahali pamoja tu. Karibu na ua wa kiwanja palikuwa na hoteli ya mabati ya Mama Shiru, yenye meza mbili. Ile ya karibu na mlango ikawa ya watu wa ndege, na ile ya karibu na jiko ikawa ya watu wa helikopta, na hakuna aliyetangaza, ilitokea hivyo. Mama Shiru alipika githeri, mukimo, chapati na maharagwe, na viazi vyake alivisifu kuliko vyote kwa kuwa, alisema, vilitoka juu, kwa wakulima wa kule msituni. Helikopta ikitua, alifunika sufuria zote kwa taulo, akaifunika na chai, akasimama katikati ya hoteli amekunja mikono mpaka vumbi litulie. Kati ya meza mbili hizo nilikaa mimi, nikageuka kuwa posta. "Mwari," Ndiritu angesema, macho kwenye sahani, "mwambie yule bwana herikopita yake si mbuzi ati iingie shamba ya watu kila mahali." Wafula, ambaye alikuwa amesikia kila neno, angengoja kwa adabu mpaka nimgeukie. "Dada, mwambie yule bwana hewa si shamba, haina title." "Mwambie yule bwana anayetua hupishwa." "Mwambie yule bwana hata mimi natua." Mara nyingine chakula changu kilipoa kabla sijakionja. Mama Shiru alikuwa akisema, akiosha vikombe, kwamba amewaona wake wenza wakinuniana, lakini hata wao huombana chumvi.

Nacheka sasa, lakini wakati ule sikuwa nacheka sana. Nilikuwa nimefika hatua ambayo mwanafunzi hupewa ndege aruke peke yake, na Ndiritu hakuwa tayari kunipa. Kwa mikono yangu hakuwa na wasiwasi. Alisema hivyo mbele ya watu, naye sifa alizitoa kwa nadra. "Siwezi kukutuma peke yako hewani na yule bwana," alisema. "Ngoja kura ziishe." Lakini singeweza kungoja. Ndege yetu ilikuwa imepata mnunuzi huko Kitale, ingeondoka mwaka ukiisha, na pasipo ndege hapakuwa na shule. Mwanafunzi ambaye hajaruka peke yake ni sawa na mtu aliyesoma kuogelea ubaoni. Ningerudi Karatina kuuza nguo na kueleza maisha yangu yote kwamba nilikaribia kuwa rubani. Nililala nikiwaza hayo, na upande wa pili wa ubao Mwende akiuliza karibu na nani, nami nikimwomba Mungu jambo moja tu: wanaume wawili wazima waongee.

Kwenye redio waliongea, lakini namna gani! Sheria iliwalazimu kutangaza walipo, basi walitangaza, kwa Kiingereza cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi: upande gani wa dira, umbali gani, futi ngapi, nia gani. Walikuwa kama mashahidi mahakamani. Hakuna salamu, hakuna "Kapteni". Nilidhani ile baridi yao ndiyo hatari yenyewe. Nilidhani siku wakianza kuzungumza kama binadamu, ndipo hewa ya Kieni itakapokuwa salama.

Njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ndizo zilizovunja ukimya. Mke wa Wafula alijifungua mtoto wa kike Nyeri mjini, mbali na mama yake na dada zake wote, na Wafula akatueleza sisi tuliokuwa karibu na jiko, huku akijaribu kutabasamu, kwamba kule nyumbani ni yeye mwenyewe anayepika uji, na unashika mabonge. Kwenye meza ya mlangoni Ndiritu aliendelea kula. Siku iliyofuata Ndiritu alikuja na kiondo kilichojaa njahi zilizochemshwa na mke wake, ndizi za kupondea, na chupa kubwa ya uji. Kwetu mzazi halali bila njahi, hata kama mume wake ni adui. Hakupitia kwangu. Alivuka hoteli yote, akaweka kiondo mezani mbele ya Wafula, akasema, "Mwambie mama ya mtoto akule yote. Njahi inaleta maziwa." Kisha akabaki amesimama, kwa sababu hakuwa amefikiria zaidi ya hapo. Wafula aliinuka. Kichwa chake kilikaribia kugusa bati. "Mzee," akasema, "ile siku ya bawa. Pole." "Ilikuwa kamba kuukuu," Ndiritu akajibu, na huo ulikuwa uongo mtupu, maana kamba niliifunga mimi na ilikuwa mpya. Mama Shiru aliwaletea chai bila kuitwa, na mimi nikala chakula changu kingali moto.

Basi kiwanja kikageuka. Meza mbili zikasogezwa zikawa moja. Kwenye redio Kiingereza cha mahakamani kilikufa, na badala yake ukasikia Kiswahili cha majirani wanaopigiana kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Mzee, habari ya Timau?" "Baridi tu. Mtoto ako aje?" Ndiritu akaanza kuzungumzia siku yangu ya kuruka peke yangu kama jambo la wiki ijayo. Nilinunua soksi mpya kwa ajili ya siku hiyo. Sijui kwa nini soksi.

Ilikuwa alasiri moja yenye upepo mwanana kutoka mlimani, kwa hiyo tulikuwa tukitua kutoka upande wa msitu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, redio mikononi mwa Ndiritu, kwa maana siku hizo alipenda kuongea. Tulikuwa tumemaliza mzunguko, tumenyoosha, njia ya murram iko mbele yetu. Sauti ya Wafula ikaja kutoka chini, pamoja na mngurumo wa helikopta yake. "Mzee, nataka kutoka na mheshimiwa. Tunakwenda huko kwenu Wamagana, kuna mkutano. Uko wapi?"

"Niko juu," akasema Ndiritu. "Nakuja pole pole."

"Sawa. Basi mimi napita chini."

"Pita tu, hakuna shida. Msalimie mama ya mtoto."

Nilisikia kila neno na sikuona kosa lolote. Nilirekebisha mwendo, nikaangalia upepo, nikashuka. Kisha helikopta ikapanda kutoka chini ya pua ya ndege, mbele yetu, karibu kiasi kwamba nilimwona mheshimiwa dirishani akiwa na hindi la kuchoma mkononi na mdomo wazi. "Nipe," akasema Ndiritu, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Akaipa injini mafuta yote, akailaza ndege kushoto, na Wafula, ambaye alikuwa ameyaona magurudumu yetu, akaiangusha helikopta yake kuelekea shamba la viazi. Upepo wake ulituchapa, ndege ikatikisika kama gunia linalopakiwa, vitu vikaanguka nyuma ya viti. Halafu ikatulia. Mlima Kenya ulikuwa umejitokeza kidogo kwenye mawingu. Ndiritu alipanda hadi kimo cha kawaida, akanyoosha mabawa, akavuta pumzi, akaniachia usukani. "Zunguka," akasema. "Utatua wewe." Nilimwambia siwezi. Akasema, "Mwari, ndege inataka mtu wa kuishusha, na leo si mimi." Alikuwa ameiweka mikono yake juu ya magoti kama mzee kanisani. Nikazunguka, nikatua. Sijawahi kutua vizuri vile tena.

Wafula alimfikisha mheshimiwa, akarudi kabla ya giza. Ndiritu alikuwa ameketi kwa Mama Shiru na chai ambayo hakuigusa. Nilipomwona Wafula akiingia mlangoni niliogopa kuliko nilivyoogopa hewani. Niliona meza zinatenganishwa, ndege inakwenda Kitale, na mimi narudi kuwa posta mpaka siku ya mwisho. "Nilikuuliza uko wapi," Wafula alisema, bado amesimama. Sauti ile ya kanisani ilikuwa imekwisha, imebaki nyuzi tu. "Nilikuuliza, mzee. Niko na mtoto wa wiki tatu." "Na mimi nilikujibu," akasema Ndiritu. "Nikakuambia pale niko. Ukasema utapita chini. Sasa kwa nini ukapita juu?"

"Nimepita juu mimi?"

Ndiritu akalaza kisu mezani. Hiyo ni njia ya ndege, akasema. Akavuta birika upande mmoja wa kisu: hiyo ni Nyandarua. Akasukuma bakuli la sukari upande wa pili: huo ni mlima. Kisha akachukua kijiko, akakiweka kati ya kisu na birika. "Nilikuwa hapa. Nimesema niko juu. Si hapa ni juu?"

Wafula akakisogelea kile kijiko. Akakishika, akakiinua taratibu kutoka mezani, mpaka kikawa kimening'inia mbele ya paji la uso wake. "Juu," akasema, "ni hapa."

"Hapo si juu," akasema Ndiritu. "Hapo ni hewani."

Hakuna aliyecheka. Maana papo hapo tuliona, sote. Kwa watu wa matuta ya Tetu, kwao Ndiritu, juu ni mahali. Juu ni kule msituni mito inakotoka, na chini ni kule mito inakokwenda. Mtu huoa juu, hununua viazi juu, hushuka chini kuuza majani chai, na hafikirii mawingu hata kidogo. Ndiritu alimwambia mwenzake kwamba yuko upande wa msitu, na aliposikia "napita chini", alielewa kwamba helikopta itaondokea upande wa mlima, ng'ambo ya pili ya kiwanja. Wafula, ambaye kwao juu ni juu, alisikia kwamba ndege iko mbali hewani, naye akaahidi kupita chini yake, karibu na ardhi. Kila mmoja alisema kweli na kila mmoja alidhani amemwelewa mwenzake vizuri sana. Mimi, nikiwa mtu wa Karatina, ninayejua tangu utotoni kwamba juu ni upande wa Mlima Kenya, nilikuwa nimeketi katikati yao nikishika usukani, na kama ningeulizwa mimi ningewapeleka mahali pa tatu. Miezi yote waliyonuniana walikuwa salama, kwa sababu walizungumza kama maadui, kwa futi na dira. Walipopatana, wakaanza kuongea kama watu wa nyumbani, na kila mtu ana nyumbani kwake.

Wafula aliweka kijiko chini, akatoka nje, akasimama karibu na ua ametugeuzia mgongo. Ndiritu alimfuata. Sikusikia waliyosema, ila niliona sweta ya kijani imesimama kando ya koti refu kwa muda mrefu, na mkono wa yule mfupi ukijaribu kuufikia mgongo wa yule mrefu. Waliporudi, Ndiritu aliomba chaki. Waliandika mlangoni mwa kontena kwa herufi kubwa, HAKUNA JUU, HAKUNA CHINI, na chini yake, kwa herufi ndogo: sema msitu au mlima, sema futi. Hata mezani sheria ilishika. Aliyeteleza akasema juu aliosha vikombe vya wote, na Mama Shiru, ambaye viazi vyake sasa havikuwa na mahali pa kutoka, alipumzika kuosha muda wote uliobaki wa mwaka. Mheshimiwa aliyasoma yale maneno makubwa akipita, na kesho yake tukamsikia kwenye kipaza sauti akiwaambia watu wa Naro Moru kwamba wananchi wenyewe wameandika: hakuna juu, hakuna chini, sisi sote ni sawa! Alishangiliwa sana. Wafula alisema alilazimika kuinama akijifanya anafunga viatu.

Niliruka peke yangu kabla ndege haijaenda Kitale. Asubuhi ile wote wawili walisimama kando ya murram, na helikopta ya Wafula ilikuwa kimya, mapanga yamefungwa kamba, ingawa mheshimiwa alikuwa ameketi ndani akionyesha saa yake. "Atangoja," Wafula alisema. "Hapa kuna mtu anazaliwa." Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu, nami nilikiogopa kile kiti kuliko kitu chochote. Niliruka, nikazunguka kama anayelima na ng'ombe, nikanyoosha. Nilisema vizuri: upande wa msitu, futi mia tano, natua. Wakajibu wote wawili kwa pamoja, wakikanyagana kwenye redio hata nisielewe neno. Nilielewa tu kwamba hewa yote ilikuwa yangu.

Tulimzika Ndiritu wiki iliyopita. Boma lake Wamagana liko kwenye mteremko, nyumba na kahawa huku, na kaburi lilichimbwa kule mwisho wa shamba, ambapo ukisimama unatazamana na Nyandarua. Wafula alikuja na mkongojo na yule binti wa njahi, ambaye sasa ni mrefu kama baba yake, na akakaa kando yangu hemani. Masikio yake yamekufa kwa miaka ya mngurumo, kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mhubiri alikuwa kijana mzuri, mwenye suti inayombana. Alituambia tusilie kama wasio na tumaini. "Ndugu yetu hayuko ndani ya sanduku hili," akasema, akiinua mkono. "Kapteni Ndiritu yuko juu!"

Wafula akaniinamia. "Dada," akanong'ona, na safu tatu za viti zikageuka, "mwambie yule bwana aseme vizuri. Juu ipi?"

Nilicheka na machozi yakatoka papo hapo, sikuweza kuyatenganisha. Vijana walikuwa wameshalinyanyua jeneza, wanaanza kupanda nalo taratibu katikati ya kahawa, na njia waliyoifuata ilipita pale pale tulipokaa. Niliangalia wanakoelekea. "Upande wa msitu, Kapteni," nikamwambia sikioni. "Ameshanyoosha. Anatua."

"Basi apishwe," akasema Wafula, akashika mkongojo wake, akainuka, akasogea kando.